Kwanza Lisimame, Ndipo Likimbie

Hotuba kwa Waswahili wa eneo la Detroit, Michigan

Wazee wetu, kina mama, ndugu zangu mliotoka Mombasa, Dar es Salaam, Bukavu na Bujumbura, na nyinyi vijana mliozaliwa hapa hapa Michigan: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie kazi ya kufufua gari la zamani la Kimarekani nyumbani, katika gereji ya kawaida ya kuegesha magari mawili, na kulitia mambo ya kisasa. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, maana nawaona vijana wetu wengi wanaitamani kazi hii, na nawaona wengi wanaianzia mwishoni. Wanaanza na injini. Mimi nimekuja kuwasihi waanze na breki.

Tumekaa penye asili ya mambo yenyewe. Mkitoka hapa mkaishika barabara ya Woodward kuelekea kaskazini, mtaishia mji wa Pontiac, na huko ndiko lilikotoka gari ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza katika ukoo wa magari ya misuli. Mwaka 1964 kampuni ya General Motors ilikuwa na sheria ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisifungwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, wakachukua gari la familia liitwalo Tempest, wakalifunga injini ya inchi 389, yaani lita 6.4. Wakaipitisha kama nyongeza ya kulipiwa wala si gari jipya, wakaiita GTO. Wateja wakaigombania. Ndani ya miaka michache Ford, Dodge, Plymouth na Chevrolet wote walikuwa na yao. Hayo ndiyo magari ya misuli: bodi ya kawaida ya kwendea dukani na kanisani, V8 kubwa, yaani injini ya silinda nane, mbele, magurudumu ya nyuma yanayosukuma, na bei ambayo kijana wa kiwandani aliweza kuimudu.

Wakati wao haukuwa mrefu. Mwaka 1970 Chevrolet waliuza Chevelle yenye injini ya inchi 454 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Kisha kampuni za bima zikapandisha viwango kwa vijana, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, na Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga bomba la mafuta. Basi. Lakini magari yenyewe hayakwisha, na tangu 1995 karibu kila Agosti mnayaona maelfu yakipita Woodward, mengi yakiwa yamefufuliwa na watu wa kawaida wenye kazi zao za kila siku.

Nitatumia mfano mmoja ninaoufahamu vizuri, Chevelle Malibu ya 1966 yenye milango miwili. Injini yake ni V8 ya inchi 283, lita 4.6 hivi, na gia boksi yake ni Powerglide, otomatiki ya gia mbili tu. Nimechagua Malibu kwa makusudi. Mwaka huo huo palikuwa na SS 396, Chevelle ya spoti yenye injini ya inchi 396, gari linalotafutwa na wakusanyaji, na ninamsihi yeyote anayelipata la kweli asilikate wala kulibadili. Namna ya kulitambua ipo: namba ya chasisi ya SS 396 ya 1966 huanza na 138, na ya Malibu ya V8 huanza na 136. Ukiuziwa 136 iliyobandikwa nembo za SS, umeuziwa Malibu, hata muuzaji aape vipi. Na kuanzia modeli ya 1969 namba hiyo haikusaidii tena, kwa sababu SS iligeuka kuwa kifurushi cha nyongeza. Hapo utahitaji karatasi za gari. Kile kibati chenye namba usikiguse kabisa. Kukitoa au kukibadilisha ni kosa la jinai katika nchi hii, na mgeni anayesubiri hati zake za ukaazi hana sababu ya kucheza na jambo kama hilo.

Sasa breki.

Chevelle ya 1966 ilitoka kiwandani na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Diski za mbele hazikuwamo hata kwenye orodha ya nyongeza mpaka modeli ya 1967. Dramu zikiwa safi na zimerekebishwa vizuri husimamisha gari mara moja, mara mbili. Ukishuka mlima ukizikanyaga mfululizo zinapata moto na nguvu inapotea. Hata hivyo hofu yangu kubwa haiko kwenye dramu. Iko kwenye master silinda, ile pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali. Ile ya 1966 ina chumba kimoja tu cha mafuta ya breki, na chumba hicho kinalisha magurudumu yote manne. Paipu moja ikitoboka kwa kutu kule nyuma, pedali inazama hadi sakafuni na huna breki hata ya gurudumu moja. Modeli za 1967 zikaja na vyumba viwili, mbele mbali na nyuma mbali, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. Mtu akiniambia amefunga injini ya nguvu za farasi 400 juu ya master silinda ya chumba kimoja, mimi sipandi gari hilo, na mtoto wangu hapandi.

Angalieni mwaka wenyewe. Tarehe 9 Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari. Mwaka huo watu zaidi ya 50,000 walikufa kwenye barabara za Marekani. Nyingi kati ya kanuni za kwanza zilizotokana na sheria hiyo zilianza kutumika tarehe 1 Januari 1968. Kwa hiyo gari la 1966 limetengenezwa kabla nchi haijaamua kwamba dereva anastahili kulindwa. Kulifanya la kisasa maana yake ya kwanza ni kulirudishia ule ulinzi uliokuja baadaye.

Kwa hiyo unabadilisha master silinda iwe ya vyumba viwili. Unatia diski mbele. Unatoa paipu zote za chuma, hata zile zinazoonekana nzima, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu na paipu huoza kwa ndani ambako jicho halifiki; paipu za mchanganyiko wa shaba na nikeli hukunjika kirahisi na haziliwi na kutu. Na unafunga valvu ya kugawa presha kati ya mbele na nyuma. Hii watu wanaiacha kwa sababu ni kitu kidogo na hakionekani. Bila hiyo, dramu za nyuma zinaweza kukamata kabla ya diski za mbele, magurudumu ya nyuma yakafunga, na gari likageuka kichwa mkia kwenye mvua. Kabla hujanunua seti ya diski pima rimu zako pia: za awali ni inchi 14, na kalipa nyingi, vile vishikio vya diski, hazienei humo. Utahitaji 15 au zaidi.

Baada ya breki, usukani. Shafti ya usukani ya 1966 ni chuma kigumu kinachotoka kwenye boksi la usukani huko mbele na kuja moja kwa moja kwenye kifua cha dereva. Gari likigonga kwa mbele, chuma hicho kinarudi nyuma. General Motors walileta shafti inayojikunja wakati wa ajali mwaka 1967. Shafti za namna hiyo zinauzwa leo kwa ajili ya magari ya zamani, zenye sura ileile ya kale, na hakuna pesa utakayotumia kwenye gari hili iliyo na faida kuliko hiyo.

Na mikanda. Gari hili lina mikanda ya kiunoni tu. Kufunga mkanda wa begani kuna ugumu wake, kwa sababu Chevelle ya paa gumu haina nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma. Ukishusha vioo vyote, upande mzima uko wazi, na ndio uzuri wake. Pa kushikia mkanda ni kwenye boriti ya paa, kwa hiyo lazima uchomelee bamba la kuimarisha kwa ndani kabla kitambaa cha dari hakijarudi. Ukisahau hatua hiyo, dari itashuka mara ya pili. Usifunge bolti ya mkanda kwenye bati tupu. Bati litachanika.

Ninajua kijana aliyekuja kusikiliza habari za V8 anaona nachelewa. Nivumilie. Bado tuko kwenye kutu.

Hapa Michigan barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi, na chumvi hiyo imekula magari mengi kuliko ajali zote. Ukienda kutazama gari, chukua sumaku uliyoifunga kitambaa laini usichubue rangi. Ipitishe kwenye sehemu ya chini ya ubavu wa nyuma, nyuma ya gurudumu, na chini ya bawa la mbele nyuma ya tairi. Inaposhika, kuna chuma. Inapoteleza, kuna puti ya kuzibia mashimo. Kisha inua zulia la ndani ukague sakafu. Kisha fungua buti utazame pembe zake, halafu panda juu uangalie mfereji wa kioo cha nyuma. Hapo ndipo maji yanapokaa: yanakula mfereji, yanadondokea ndani ya buti, na sakafu ya buti inaoza kutoka juu huku mwenye gari akidhani maji yanatoka chini. Ukibadilisha sakafu ya buti ukauacha mfereji wa kioo, umefanya kazi ya mwaka mmoja tu.

Chevelle ina chasisi yake pekee na bodi imekaa juu yake kwa bolti na bushi za mpira, tofauti na Mustang ambayo bodi na chasisi ni kitu kimoja. Hilo linasaidia. Lakini hata kwenye Chevelle, kabla hujakata sakafu, chomelea vyuma vya mraba kuvuka uwazi wa milango, kutoka mbele hadi nyuma na kwa mshazari. Bodi isiyo na sakafu hulegea. Ukichomelea sakafu mpya bodi ikiwa imelegea, imebaki hivyo. Milango haitafunga tena, na hakuna rekebisho la bawaba litakalokuokoa.

Ufundi wa kuchomelea bati la gari ni subira. Bati hili lina unene wa karibu milimita moja. Tumia mashine ya MIG na waya wa milimita 0.6, piga nukta moja, ruka mbali, piga nyingine, acha ipoe, rudi katikati. Ukivuta mstari mrefu, joto litalipinda bati mpaka liwe mawimbi, na mawimbi hayo yatahitaji puti, na puti ndiyo uliyokuwa unaikimbia. Kwa hili nawaheshimu sana mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kirinyaga Road, Nairobi. Nimewaona wakinyoosha bawa kwa nyundo na kipande cha chuma cha kushikizia nyuma, bila puti, mpaka kiganja hakihisi kitu. Vijana wetu wana wajomba wenye ufundi huo. Wapigieni simu ya video mkiwa gereji, muwaonyeshe bati. Ujuzi wa nyundo haujapitwa na wakati.

Kuna hatari nne nazitaja polepole, kwa sababu hizi huua watu. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Stendi nne imara, juu ya sakafu ya zege. Breki shuu za zamani zina asbesto: usipulize vumbi lake kwa kompresa, lioshe kwa maji ya sabuni huku umevaa barakoa inayofaa. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya fosjini, gesi iliyotumika vitani mwaka 1915. Karibu na kuchomelea, dawa hiyo isiwepo. Na rangi za kisasa za kuchanganya na hadena zina isosianeti, ambazo zikiingia mapafuni zinaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizuii. Ikiwa huna mtambo wa kukuletea hewa safi kutoka nje, andaa bodi wewe mwenyewe, upige msasa, kisha rangi ya mwisho mpelekee mwenye chumba cha kupigia rangi.

Waya nazo zina neno lake. Mpira wa waya wa 1966 umekauka, ukiukunja unapasuka. Boksi la fyuzi lina fyuzi chache, na umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya dashibodi. Ukiongeza feni za umeme, pampu ya petroli ya umeme na redio kubwa juu ya mfumo huo, unaomba moto. Nunua seti nzima mpya, funga relei, yaani swichi za kubeba umeme mwingi, kwa taa na kwa feni, na alteneta ya nguvu zaidi kuliko ile ya awali. Fanya hivi kabla ya viti kuingia.

Tairi za wakati ule zilikuwa na nyuzi za mshazari. Ukifunga tairi za kisasa za radial, ambazo utafunga, usitumie vipimo vya wilialaimenti vya kitabu cha 1966. Mwambie fundi akupe kasta chanya zaidi, yaani mhimili wa usukani ulalie nyuma kwa juu, digrii tatu hadi tano kadiri bushi na shimu zitakavyoruhusu. Usukani utarudi wenyewe katikati na gari halitakuwa likitangatanga barabara kuu.

Haya, injini. Kwenye kitabu, 283 ya kawaida ina nguvu za farasi 195. Kipimo hicho kilichukuliwa injini ikiwa mezani, bila mzigo wa feni wala ekzosi kamili. Viwanda vya Marekani vilihamia vipimo vya injini iliyofungwa kama inavyofungwa garini mwaka 1972. Kwa hiyo usiilinganishe namba hiyo na ya gari la leo. Ushauri wangu: ikiwa 283 haitoi moshi wa buluu na presha ya oili ni nzuri, iache kwanza. Toa pointi, zile swichi ndogo za cheche, kwenye distribyuta, tia mfumo wa elektroniki, badilisha hosi zote za petroli, maana ethanoli iliyo kwenye petroli ya leo hulainisha mpira wa zamani. Chagua oili yenye zinki ya kutosha, kwa sababu kamu na tapeti za injini hizi zinasuguana moja kwa moja, na oili nyingi za siku hizi zimepunguziwa zinki. Siku ukifungua silinda hedi, weka viti vya valvu vilivyo vigumu. Injini hii ilizaliwa wakati wa petroli yenye risasi, iliyokuwa ikivilinda viti hivyo. Marekani ilipiga marufuku petroli hiyo kwa magari ya barabarani mwaka 1996, na kwetu Afrika Mashariki iliondoka kufikia 2006.

Na ukitaka mashine ya kisasa, iko njia ambayo naipenda kwa dhati: V8 ya lita 5.3 iliyoanza kufungwa kwenye pikapu za Chevrolet modeli ya 1999. Imejaa kwenye yadi za magari mabovu. Ilitoka kiwandani na nguvu za farasi kati ya 270 na 295 kwa kipimo cha kweli, inawaka asubuhi ya baridi kali bila kubembelezwa, na ikija na gia boksi yake ya gia nne inanguruma kwa utulivu pale ambapo Powerglide ilikuwa ikipiga kelele. Lakini ihesabuni kazi yote. Bakuli la oili la pikapu ni refu, litagonga boriti ya chasisi, litahitaji lingine. Propela shafti itabadilishwa urefu. Kebo ya spidomita haina pa kuchomeka. Kompyuta yake inangoja ishara ya kuzuia wizi kutoka kwa ufunguo usiokuwepo, lazima fundi aifute. Na petroli: kabureta iliridhika na presha ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 5 hadi 7, injini hii inataka 58. Hosi ya zamani na klampu ya kukaza kwa bisibisi haziwezi presha hiyo, na kinachovuja ni petroli juu ya ekzosi yenye moto. Pampu iwe ndani ya tangi, hosi ziwe za injeksheni, paipu ziwe mpya. Ile 283 usiiuze. Ipake oili, ifunike, iweke kwenye kona na namba zake. Gari hili litakuwa na mwenyewe mwingine siku moja, na huenda akaitaka.

Siku ya kwanza barabarani, zunguka mtaani tu. Zoesha breki pedi: kutoka maili 30 kwa saa punguza hadi 5, taratibu, rudia mara kadhaa, kisha ziache zipoe bila kukanyaga. Rudi nyumbani, tandika karatasi ya boksi chini ya gari usiku kucha, asubuhi soma madoa: kahawia ni oili, nyekundu ni gia boksi, kijani ni maji ya rejeta, na tone la maji ya njano karibu na gurudumu huenda ni breki, gari lisitoke. Kaza upya nati za magurudumu. Baada ya wiki kaza bolti za mikono ya usukani na za bushi za bodi.

Mashine yangu ya kuchomelea iko wazi kwa kijana yeyote wa humu ndani, wa kike na wa kiume, Jumamosi baada ya saa nne asubuhi. Kofia za kuchomelea ninazo. Njoo na shati la pamba la mikono mirefu, si nailoni, na viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, na tutaanza na vipande vya bati chakavu mpaka mkono utulie. Karibuni na maswali.